Dawa ya tegu kabla ya kurudi Uingereza

Swali: Tunaishi Uingereza na tunakwenda Ufaransa na karavani kwa wiki mbili. Mbwa wetu ni mzima. Kwa nini apewe dawa ya tegu kabla ya kurudi?

Jibu: Uzima wake si ushahidi. Tegu wa mbweha, aliyeko mashariki mwa Ufaransa lakini hajaingia Uingereza, kwa kawaida hamsumbui mbwa. Anayeumia ni binadamu aliyemeza mayai yake, ambaye ini lake huliwa kimyakimya kwa miaka. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula panya wa mashambani. Utasema wako hafunguliwi kamba. Sawa, lakini panya hupita hata chini ya karavani. Daktari wa mifugo ampe prazikwanteli, dawa ya tegu, na kuandika saa kwenye cheti cha mbwa cha kusafiri, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Mbwa aliyemeza dawa asubuhi ya kuvuka atazuiwa bandarini Calais.