Vipepeo Wawili wa Mabira: Somo la Kuthibitisha



Anayejiandaa kwenda msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja, kuangalia vipepeo huuliza kwanza: nitawatambuaje? Wengi hujibu: kwa rangi. Lakini rangi ndiyo hudanganya.

Mchukue Danaus chrysippus. Ana rangi ya chungwa, na ncha za mabawa yake ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe. Huonekana zaidi pembezoni mwa msitu na kando ya mashamba, akiruka polepole kama asiye na adui. Kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata anapokuwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na siku nyingine humwacha.

Sasa mtazame Hypolimnas misippus. Jike wake ana rangi zile zile na mwendo ule ule, lakini hana sumu. Ndege aliyeonja wa kwanza humkwepa na huyu pia. Dume hafanani na jike wake hata kidogo: ni mweusi, ana madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Mwenye haraka atawaandika mume na mke kuwa aina mbili tofauti.

Dalili ipo kwenye bawa la nyuma. La Danaus lina madoa meusi matatu au manne karibu na katikati. La jike wa Hypolimnas lina doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Ili kuliona, lazima ungoje atue na kufungua mabawa.

Adabu za matembezi:

1. Mfuateni kiongozi anayeujua msitu, wala msiache njia.
2. Anzeni jua likishapanda, kama saa tatu asubuhi. Kipepeo huota jua kwanza ndipo aruke.
3. Tazameni penye matope mabichi. Madume hukusanyika hapo kufyonza chumvi.
4. Msimshike mabawa. Unga unaobaki vidoleni ni magamba yake.
5. Andika ulichoona kabla ya kuandika jina. Kama hukuliona bawa la nyuma, andika: "Sijathibitisha."

Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari tunayoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Aya hiyo inahusu watu, si vipepeo. Lakini tabia ni moja. Asiyeweza kungoja dakika mbili kipepeo afungue bawa, atangojaje kabla ya kusambaza kwenye WhatsApp uvumi kuhusu dada au kaka wa hosteli ya pili? Jina la kipepeo likikosewa hufutwa kwa kalamu. Heshima ya Muislamu haifutiki hivyo.

Swali la halaqa: Ni habari gani uliyoipeleka wiki hii bila kuliona "bawa la nyuma"?

Wallahu a'lam.