Somo la Kikundi: Mtoto Anataka Udaktari. Je, Jina la Chuo Lina Uzito Gani?

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea wakati wa kupanda kilikuwa na shida ambayo wengi wetu tungeitamani. Mtoto wa mwanachama alikuwa amepita KCSE vizuri sana na anataka kusomea udaktari. Mkutano ulikuwa umeitwa kuhesabu pesa za mbuzi, lakini ukageuka kuwa mkutano wa vyuo. Mzee mmoja aliyealikwa kama mshauri alisema bila kuzunguka: "Kama si Nairobi, huo si udaktari. Tutawaambia watu nini?" Mama wa mtoto akainamisha kichwa. Mweka hazina, ambaye si mtu wa maneno mengi, akauliza: "Na mwaka wa tatu nani atalipa?"

Ndugu wanakikundi, somo la leo linatoka katika maswali hayo mawili. Tusimcheke yule mzee. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndicho kilikuwa chuo pekee cha udaktari hapa nchini. Kabla ya hapo Wakenya walikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924. Mtu aliyekulia nyakati hizo alijua mlango mmoja tu, na kila daktari aliyemwona alikuwa amepita hapo. Lakini siku hizi milango ni mingi. Kuna Moi kule Eldoret, Kenyatta, Maseno, Egerton, Jomo Kenyatta, na vyuo vya watu binafsi na vya makanisa. Swali la "chuo gani kina jina" sasa lina majibu mengi, na mengine yatawagharimu.

Tuanze na mgonjwa. Mtoto wako akishikwa na degedege saa nane usiku ukamkimbiza kituo cha afya, je, utamuuliza daktari alisomea wapi? Hata siku moja. Unataka kujua kama yupo na kama anajua kazi. Serikali nayo haiangalii jina kwanza. Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo huajiri wafanyakazi wengi wa afya, na kitu cha kwanza wanachotaka mezani ni cheti cha usajili na leseni. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Wauguzi. Afisa wa kliniki ana baraza lake. (Kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, lakini hizi ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina njia yake.)

Kwa wauguzi jambo hili liko wazi kabisa. Aliyesomea chuo kikuu mjini na aliyesomea chuo cha misheni bondeni wote hukalia mtihani wa Baraza la Wauguzi kabla ya kupewa leseni. Msahihishaji hajui mwanafunzi alitoka kwenye jengo la ghorofa ngapi.

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo, na nitaisema kwa kirefu kwa sababu nimeiona kwa macho. Msichana wa ukoo wetu aliingia chuo kimoja mjini kusomea uuguzi. Kilikuwa na vioo vya kumetameta, basi lake lenyewe, na matangazo kila mahali. Watu walikisifu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Mwaka wa pili ndipo msichana aligundua kwamba wanafunzi wa darasa lao hawakuwa wameandikishwa na Baraza. Bila kuandikishwa, mtihani wa Baraza huwezi kuukalia, hata ukisoma miaka kumi. Alirudi nyumbani na madaftari. Zile pesa hazikurudi. Leo anauza nguo sokoni, na si mvivu wala si mjinga.

Kwa hiyo neno la kushika ni indeksi. Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au kliniki anapoanza masomo anatakiwa aandikishwe na baraza linalohusika, apewe nambari yake ya indeksi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza: Je, Baraza limekubali kozi hii, katika chuo hiki, katika kampasi hii? Usiulize chuoni peke yake, kwa maana muuza maziwa hasemi yameganda. Mabaraza yana orodha ya vyuo yaliyovikubali. Vijana wenu wenye simu wanaweza kuitafuta kwenye tovuti, au mtu mmoja atumwe ofisini kwao. Nauli ya matatu ni rahisi kuliko ng'ombe wawili.

Baada ya hapo, angalia hospitali. Udaktari haufundishwi kwa ubao na chaki tu. Unafundishwa kando ya kitanda. Chuo kisicho na hospitali ya kufundishia yenye wagonjwa wa kutosha ni kama shule ya ushonaji isiyo na cherehani. Hapa vyuo vikubwa vina faida ya kweli. Wanafunzi wa Nairobi hujifunzia Hospitali ya Kenyatta, inayopokea magonjwa magumu kutoka nchi nzima. Lakini uliza pia wanafunzi ni wangapi kwa kila mwalimu na kila kitanda. Katika hospitali kubwa mtoto wako anapanga foleni nyuma ya madaktari wanaosomea ubingwa. Katika hospitali ya kaunti huenda akazalisha akina mama wengi kwa mikono yake mwenyewe, chini ya mwalimu. Kila upande una lake.

Mfano mzuri ni Moi. Wanafunzi wa kwanza wa udaktari waliingia pale mwaka 1990, na kwa watu wengi Eldoret ulikuwa mji wa mahindi na wakimbiaji. Chuo hicho kikachagua njia tofauti: mwanafunzi anatolewa darasani na kupelekwa vijijini na kwenye vituo vya afya, aone ugonjwa pale unapoanzia, kwenye maji machafu na njaa. Wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na mwaka 2001 ushirikiano huo ukazaa mpango wa matibabu ya Ukimwi ambao umehudumia watu wengi sana magharibi mwa Kenya. Jina walilipata baadaye, kwa kazi.

Sasa turudi kwa mweka hazina. Udaktari ni miaka 6 chuoni, halafu mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini. Tuseme chuo kimoja kinazidi kingine kwa shilingi 60,000 kwa mwaka, ukijumlisha karo, nyumba na chakula. Kwa miaka 6 hiyo ni 360,000. Kikundi cha watu 30 wanaotoa 400 kila mwezi hukusanya 144,000 kwa mwaka. Yaani tofauti hiyo peke yake itameza michango yenu yote ya miaka miwili na nusu, na mbuzi hamjanunua hata mmoja. Harambee ni nzuri, lakini tumeona jinsi inavyokwenda: mwaka wa kwanza mheshimiwa anakuja na hema linajaa, mwaka wa tatu mnabaki nyinyi na mama wa mtoto. Pesa za HELB husaidia, ila mkumbuke ni mkopo, na utadaiwa.

Na msidhani chuo chenye jina kitamrukisha mtoto foleni ya mwisho. Uanagenzi hupangwa na Wizara ya Afya. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, tangu Machi 14 hadi Mei 8, na moja ya mambo makubwa ilikuwa madaktari wanagenzi: kucheleweshwa kupelekwa hospitalini na malipo yao. Waliosomea vyuo vikubwa na vidogo walingoja pamoja.

Kuna jambo lingine la wakati wa kuomba nafasi kupitia KUCCPS. Vyuo vyenye majina huvutia wengi, kwa hiyo alama zake za kuingilia hupanda. Mtoto akijaza majina makubwa tu, anaweza kukosa udaktari wote akaangukia kozi asiyoitaka, na kumbe alama zake zingetosha chuo kichanga kilichokubaliwa na Baraza. KUCCPS hutangaza alama za mwaka uliotangulia. Kaeni na mtoto mzipitie, tena ajaze kwa kupanda na kushuka: chuo kimoja cha ndoto, na vingine anavyovifikia.

Je, jina halina kazi kabisa? Lina. Anayetaka kufanya utafiti au kwenda ng'ambo baadaye atasaidiwa na walimu wanaojulikana. Hata hivyo, mtu anaweza kusoma shahada ya kwanza chuo kidogo, afanye kazi, kisha aende Nairobi au Moi kusomea ubingwa. Wengi wamepita hiyo. Na kuhusu kwenda nje kwa shahada ya kwanza, tahadhari. "Anasoma Ulaya" ni maneno matamu kanisani, lakini aliyesomea nje akirudi lazima apite mtihani wa KMPDC kabla ya kuanza uanagenzi, na si wote wanaoupita. Wazazi waliokuwa na watoto Ukraine Februari 2022 vita vilipoanza wanajua mengine ya kuongeza.

Kama alama hazikufika udaktari, msilie. KMTC ilianza mwaka 1927 na sasa ina kampasi zaidi ya 80. Diploma ya kliniki ni miaka 3 na mwaka 1 wa uanagenzi. Watu hudharau kampasi za mbali, eti si Nairobi, lakini cheti ni cha KMTC huku na kule, na chumba cha kupanga mji mdogo ni nafuu. Mtu akiwaambia ana "nafasi" ya kuuza, hata akijiita mjomba wa mkuu wa chuo, mwondokeeni.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu:

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliwahi kulipia chuo ambacho hakikukubaliwa? Asimulie, na wengine wasimlaumu.

2. Tukihesabu miaka yote 7 badala ya mwaka wa kwanza, kikundi kinaweza kusaidia watoto wangapi kwa wakati mmoja?

3. Nani atatumwa kuuliza kwenye Baraza, na nauli yake itatoka mfuko gani?

4. Mtoto mwenyewe anasemaje? (Yule wa kikundi cha akina mama aliulizwa mwisho kabisa. Alikuwa amekaa mlangoni muda wote, na tayari alikuwa ameandika kwenye daftari majina ya vyuo vitano, na kando ya kila kimoja jina la hospitali yake.)