TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mchango wa mgonjwa usisubiri sanda

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tunamshukuru Allah aliyetufikisha karibu na nusu ya mwezi huu mtukufu. Tunamuombea Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) rehema na amani.

Juzi baada ya tarawehe nilikaa barazani na mzee wetu mmoja, fundi cherehani. Ana presha na sukari kwa miaka mingi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, dawa unakunywa?" Akacheka kidogo. "Nakunywa, mwanangu. Lakini siku hizi nakata kidonge katikati. Nusu leo, nusu kesho. Maisha yenyewe ndiyo haya."

Ndugu yangu, hebu tupige hesabu yake. Tuseme dawa zake zote ni shilingi 2,000 kwa siku. Ukisikia hivyo unaona ni hela ya chai na chapati. Lakini kwa mwezi ni 60,000, na kwa mwaka ni 730,000. Hapo hujaweka kipimo, nauli ya kwenda kliniki, wala siku ambayo cherehani haikuzunguka kwa sababu mwenyewe yuko kwenye foleni. Homa inakula hela mara moja, ikaisha. Maradhi ya kudumu yanakula kidogokidogo kila siku, kama panya kwenye gunia la mchele, na hakuna anayesikia.

Sasa mzee akikata kidonge amebana matumizi? Hapana, amelikopa tatizo. Presha haiumi, ndiyo maana inadanganya. Inapanda kimyakimya, inachosha moyo, inaharibu mishipa na figo. Siku ikijitokeza inakuja na kiharusi, au figo kufeli. Mgonjwa wa figo zilizofeli kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tatu mara wiki 52 ni mara 156 kwa mwaka. Aliyekuwa anakwepa shilingi 2,000 za leo anajikuta mbele ya gharama ambayo hata kuuza kiwanja haiimalizi.

*Dawa nayo ina gharama yake mwilini*

Hili tuliseme wazi. Dawa ni neema, lakini si pipi. Wengi wetu tukiumwa mgongo au magoti tunakwenda duka la dawa, "nipe diclofenac," tunameza wiki, tunameza mwezi. Dawa za aina hiyo zikizidi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye presha, mwenye sukari na mtu mzima. Prednisolone inaweza kupandisha sukari, na aliyeitumia muda mrefu haifai kuiacha ghafla. Dawa za saratani zinapiga ugonjwa, lakini pia zinaweza kushusha kinga, kuleta kichefuchefu na kung'oa nywele. Ukimwona ndugu yako ametoka Ocean Road amechoka, hataki kula, usimwambie amekata tamaa. Mwili wake upo vitani.

Kwa hiyo mwambie daktari kila unachotumia, hata ile mizizi uliyoletewa kutoka kijijini. Usifiche kwa aibu. Na kama dawa imekushinda bei, sema palepale: "Daktari, hii siiwezi, kuna nyingine?" Mara nyingi dawa ni ileile, imetengenezwa na kampuni nyingine, na bei yake ni ndogo. Kukata kidonge kwa siri ni hatari. Kusema sina uwezo si aibu.

*Dini yetu inasemaje?*

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu. Akawaamrisha watafute tiba, akawaeleza kuwa Allah hakuleta maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi kutafuta tiba hakupingani na kutawakali.

Na katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Anayetarajia kupona atalipa siku nyingine. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona anatoa fidya, anamlisha maskini kwa kila siku. Kwa hiyo wewe wa insulini, wewe unayesafishwa damu, usijilazimishe kufunga eti majirani watasemaje. Anayemeza dawa mara mbili kwa siku huenda akaweza kuzihamishia futari na daku, lakini amuulize daktari kwanza, asijipangie mwenyewe.

*Tunapokosea sisi jamaa*

Hapa ndipo penye uchungu. Ndugu yetu akifariki, tunajua kazi. Ndani ya saa chache sanda imepatikana, turubai limefungwa, mchele na nyama vimefika, gari la kwenda makaburini lipo. Masha'Allah. Halafu msemaji wa familia anasimama: "Mwenye kumdai marehemu ajitokeze." Na wanajitokeza. Duka la dawa linamdai. Jirani anamdai. Mwingine alichukua ule mkopo wa kausha damu ili alipie upasuaji, riba ikamlundikia mpaka kaburini.

Tunaijua habari ya jeneza lililoletwa kwa Mtume (s.a.w.), ikaonekana maiti ana deni na hakuacha cha kulipia. Mtume akawaambia Maswahaba wamswalie mwenzao, yeye mwenyewe akasimama kando. Ndipo Abu Qatada (r.a.) akalichukua deni lile juu yake, na Mtume akamswalia. Jiulize: Abu Qatada wa mtaa wetu ni nani? Na kwa nini asubiri jeneza? Ile hela ya pilau ya hitima ingefika miezi sita mapema, pengine ingekuwa hela ya vidonge, na mwenyewe tungekuwa naye leo safu ya mbele.

*Kazi ya leo, mambo manne*

1. Kabla ya futari mpigie mgonjwa mmoja. Usiishie "pole, unaendeleaje?" Muulize, "Dawa zimebaki za siku ngapi?" Jibu lake litakuonyesha la kufanya.

2. Unapotoa zaka, kumbuka Surat at-Tawba aya ya 60: mafukara, masikini na wenye madeni wamo katika yale makundi manane. Aliyezama kwenye deni la matibabu anaweza kuwa mmoja wao. Muulize imamu, na mpe kwa siri.

3. Mgonjwa aliyekwama hospitali ya serikali, mpeleke ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, aeleze hali yake. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya Ukimwi hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, asitoe hela mtaani.

4. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizia bima inayokufaa ukiwa mzima. Mwavuli haununuliwi mvua ikishakulowesha.

Yule mzee? Vijana wanne wa safu ya nyuma wamekubaliana, kila mmoja shilingi 15,000 kwa mwezi. Hesabu imetimia: 60,000. Hakuna aliyetangaza kwenye kipaza sauti. Mzee sasa anakunywa kidonge kizima.

Allahumma, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, walipie madeni walioelemewa, na utujaalie tuwe sababu ya faraja kabla ya kuwa wabebaji wa jeneza. Amin.

Mtumie mwenzako ujumbe huu. Kesho inshaallah tukijaaliwa tutaendelea.

Wabillahi tawfiq.