Ulandanishaji wa Majedwali ya Kumbukumbu za Wagonjwa

Mtu anayeishi na VVU na kuhudhuria Kliniki ya Tiba na Matunzo nchini Tanzania hubeba kadi ya CTC1, ilhali kadi ya CTC2 hubaki kituoni. Yaliyoandikwa humo huingizwa pia katika kompyuta, katika majedwali yanayohusiana: la wagonjwa, la mahudhurio na la majibu ya maabara. Msingi wa mpangilio wa namna hii uliwekwa na Edgar Codd mwaka 1970. Taarifa za mtu huandikwa mara moja katika jedwali moja, na majedwali mengine humtambua kwa namba yake, iitwayo ufunguo msingi. Jina halifai kwa kazi hiyo, kwani Fatuma mmoja aweza kuandikwa Fatma leo na Fatima mwezi ujao.

Ugumu huanza nakala zinapokuwa mbili, tuseme moja katika kituo cha afya chenye mtandao wa kubahatisha na nyingine katika seva ya hospitali ya wilaya. Kila upande huandika kivyake, na mtandao ukirejea nakala hulandanishwa. Programu nyingi hufuata kanuni rahisi: mstari ulioandikwa mwisho ndio unaoshinda.

Kanuni hiyo yaweza kudhuru. Jumatatu tabibu wa kituo anaandika kwamba mgonjwa ametokwa na vipele vikali baada ya kumeza kotrimoksazoli. Jumanne karani wa hospitali, ambaye nakala yake haina habari hiyo, anabadilisha namba ya simu ya mgonjwa yuleyule. Nakala zinapokutana, mstari wa Jumanne unafunika ule wa Jumatatu wote, na safu ya mzio inabaki tupu. Kompyuta hutangaza kuwa kazi imekamilika; hakuna anayeona kosa hadi dawa itolewe tena. Kulinganisha safu kwa safu hupunguza hatari hii. Lililo bora zaidi ni kuupa mzio jedwali lake, ambamo kila taarifa huwa mstari mpya wenye tarehe na jina la mwandishi, na hata usahihisho huongezwa bila kufuta cha zamani. Saa za kompyuta nazo si mashahidi wa kuaminika: iliyotangulia kwa siku mbili itashinda kila shindano. Ni salama zaidi seva kuupa kila mstari namba ya toleo.

Funguo nazo huhitaji uangalifu. Kompyuta mbili zisizowasiliana zikitoa namba kwa kuhesabu tu, zote zaweza kumpata mgonjwa wa 501, na watu wawili wakaunganishwa kuwa mmoja. Ndiyo maana namba hubeba pia utambulisho wa kituo. Katika kutuma, mstari wa mgonjwa hutangulia majibu yake ya maabara, la sivyo majibu hukataliwa au hubaki bila mwenyewe.

Kosa la kinyume, yaani mtu mmoja kuwa na namba mbili, hutokea zaidi mgonjwa anapohama na kuandikishwa upya. Kliniki ya awali humhesabu kuwa amepotea, na wahudumu humtafuta nyumbani ilhali anatibiwa kwingine. Lililo zito zaidi ni wingi wa virusi. Jibu linalozidi nakala 1,000 kwa mililita hufuatiwa na ushauri wa ufuasi wa dawa, kisha kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi 3. Jibu la kwanza likibaki chini ya namba ya zamani, la pili huonekana kuwa la kwanza, na uamuzi wa kubadilisha dawa husogezwa mbele huku virusi vikiendelea kujenga usugu.

Kwa hiyo mgonjwa anayehama huombwa kuja na kadi yake ya CTC1 na barua ya uhamisho, naye karani hutafuta namba ya awali kabla ya kutoa mpya. Namba mbili zikishatolewa, mistari huunganishwa baada ya mgonjwa mwenyewe kuulizwa, na namba iliyoachwa huwekewa alama badala ya kufutwa. Ikifutwa upande mmoja tu, nakala ya upande wa pili yaweza kuirudisha mtandao utakapopatikana.