Kuzaliwa kwa Marekani: Usome Wanahistoria au Nyaraka Zenyewe?

Nianze na kipi?

Kitabu cha mwanahistoria, kimoja tu, halafu usichelewe kufungua nyaraka. Ukivamia barua za 1776 peke yako utakuta ugomvi usiojua ulianzia wapi. Kitabu cha Pauline Maier cha 2010, kuhusu namna majimbo yalivyobishana kabla ya kuidhinisha katiba, kitakuonyesha nani alikuwa akimjibu nani.

Kwani nyaraka si ndizo ukweli wenyewe?

Ziliandikwa na watu, na watu hujitengenezea sura. Mkutano wa katiba wa Philadelphia, 1787, ulifanyika faraghani, na mengi tunayoyajua yametoka kwenye kumbukumbu za mjumbe mmoja, James Madison. Alifariki 1836, zikachapishwa 1840. Mary Sarah Bilder alizichunguza karatasi zenyewe, na katika kitabu chake cha 2015 akaonyesha kuwa Madison aliendelea kuzirekebisha kwa miaka mingi. Zile insha 85 za The Federalist nazo zilikuwa kampeni ya magazetini ya kuitetea katiba. Zisome sambamba na za wapinzani, hasa aliyejiita Brutus.

Basi niwaamini wasomi?

Nao wana upofu wao. Mwaka 1873 Madison Hemings (si yule wa katiba), aliyezaliwa utumwani Monticello, kwenye shamba la Thomas Jefferson, aliliambia gazeti moja la Ohio kwamba baba yake ni Jefferson mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanahistoria wengi walimpuuza, wakashika maneno ya wajukuu wa Jefferson waliokana. Annette Gordon-Reed, mwanasheria, alipoupima upya ushahidi huo mwaka 1997 alionyesha kuwa neno la mtumwa lilikuwa limewekewa masharti ambayo neno la bwana halikuwekewa. Mwaka uliofuata vipimo vya vinasaba vilimhusisha mzao wa Eston, mdogo wake Madison Hemings, na ukoo wa Jefferson upande wa kiumeni. Havikumtaja Thomas kwa jina, lakini vikiwekwa pamoja na ushahidi mwingine, wanahistoria wengi waliridhika.

Nyaraka nazipata wapi?

Tovuti ya Founders Online, ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, ina barua za Washington, Adams, Jefferson na wenzao, bure. Usiziruke tanbihi; mara nyingi ndizo zinazokueleza aliyeandikiwa ni nani. Ila hizo ni karatasi za wakubwa. Kwa habari za waliowatumikia, tafuta kitabu cha Gordon-Reed cha 2008 kuhusu familia ya Hemings.