KASHA LA ZAWADI LA KARATASI NGUMU

Zawadi hupendeza mara mbili ikifungwa vizuri. Zamani wengi walizitia zawadi katika mifuko ya plastiki, lakini tangu tarehe 28 Agosti, 2017, mifuko hiyo ya kubebea vitu imekatazwa kwa sheria katika Kenya, na avunjaye sheria aweza kutozwa faini kubwa au kufungwa. Kwa hiyo kasha la karatasi ngumu lina faida, na mtu mwangalifu aweza kulitengeneza nyumbani, kwa haja zake au kwa kuuza.

VITU VITAKIWAVYO

Karatasi ngumu, rula, penseli, mkasi, gundi, na kalamu iliyokwisha wino. Karatasi ya pakiti kuukuu za sabuni yafaa, mradi ni safi. Upande wenye maandishi uelekezwe ndani. Gundi yaweza kupikwa kwa kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vinne vya maji. Koroga unga katika maji baridi, kisha pika kwa moto mdogo mpaka iwe nzito. Gundi hii haidumu siku nyingi. Ipikwe kidogo kidogo.

KUTENGENEZA KASHA

1. Kata mraba wa sentimeta 20 kila upande.

2. Piga mstari sentimeta 5 kutoka kila ukingo. Katikati patabaki mraba wa sentimeta 10, ambao ndio kitako.

3. Weka rula juu ya kila mstari, ukaupitishe kwa nguvu ile kalamu isiyo na wino. Usiiruke kazi hii, maana karatasi isiyotiwa alama hukunjika ovyo na kupasuka.

4. Katika ukingo ulio mbele yako, kata ile mistari miwili inayotoka ukingoni, ukome inapokutana na mstari uliokingama. Geuza karatasi, ufanye vivyo hivyo ukingo wa pili. Usikate pengine.

5. Inua pande zote nne. Vile vipande vinne vya pembeni vikunjwe, vipakwe gundi, vigandishwe kwa ndani. Vibane mpaka vikauke.

Kifuniko hufanywa vivyo hivyo, ila mraba wake ni sentimeta 16.3, na mistari yake ni sentimeta 3 kutoka ukingoni. Hivyo kitazidi kasha kwa milimita 3, nacho kitaingia bila kukwama. Vipimo vikiwa sawa, kifuniko hakitaingia kamwe.

MAPAMBO

Uzi wa katani, vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani, au magamba makavu ya mgomba yaliyonyoshwa, yote hupendeza. Pambo moja lililowekwa sawasawa lashinda mapambo kumi yaliyorundikwa.

TAHADHARI

Chakula kisiguse karatasi ya pakiti kuukuu. Kitandikiwe karatasi safi ifaayo kwa chakula. Tena kasha lisiachwe penye unyevu.

Mwenye kuuza na ahesabu vema. Kwa mfano, akitumia vitu vya shilingi 15, akauza kasha kwa shilingi 50, asidhani shilingi 35 zote ni faida. Aondoe kwanza malipo ya saa zake za kazi, na hasara ya makasha yaliyoharibika. Asiyehesabu hivyo aweza kuuza makasha mengi na bado mfuko wake ukawa mtupu.