Mashine ya Kusaidia Pumzi: Faida na Hatari Zake

Wakaaji wa Jamhuri na wa mitaa iliyo karibu na Barabara ya Ngong wanaukumbuka mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba Korona imeingia Kenya, na wagonjwa wakatengwa Mbagathi. Tangu hapo wengi wamesikia habari za mashine za pumzi, na wengine huingiwa na hofu waambiwapo kwamba jamaa yao atafungwa barakoa yake. Yafaa basi tuijue kazi yake.

Mtu akipatwa na kichomi, vifuko vidogo vya mapafu hujaa majimaji, na oksijeni haipiti vema kuingia katika damu. Mashine husukuma hewa yenye oksijeni kwa nguvu ya kadiri kupitia barakoa inayobana uso, ili vifuko vile visinywee mgonjwa atoapo pumzi. Haingizwi mpira kooni. Yu macho, naye aweza kusema.

Huko Uingereza wagonjwa 1,273 wa Korona walichunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Katika kila 100 waliopewa oksijeni ya kawaida, kadiri ya 44 walifariki au walitiwa mpira kooni katika siku 30. Waliofungwa barakoa ya mashine walikuwa kadiri ya 36. Lakini madhara yalionekana zaidi kwa hao wa barakoa.

Madhara yenyewe ni haya. Kwanza, hewa huweza kujaa tumboni, mgonjwa akatapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Ndiyo sababu asiyejitambua kwa kawaida hafungwi barakoa hii. Pili, barakoa huchubua ngozi ya pua. Tatu, ni nadra, lakini pafu huweza kutoboka. Nne, nayo ni kubwa, mgonjwa huweza kuonekana ametulia kumbe nguvu zinamwishia, na saa ya kumtia mpira kooni ikapita.

Kwa hiyo usalama haumo katika mashine peke yake, bali katika macho ya wauguzi wanaomwangalia mgonjwa saa zote. Nanyi jamaa mnaomzuru, msilegeze mikanda kwa huruma, wala msimpe uji bila ruhusa. Mkiona anasinzia mno, anababaika, au anapumua mbio kuliko kwanza, msingoje daktari apite: mwiteni muuguzi papo hapo.